Silinda ya Tatu ya Papa Neema

Mimi sinywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia jambo hili, kabla sijafika katikati, ananiuliza siku ile nilikuwa nimekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa chai na andazi moja, basi. Na usidhani yalinipata usiku, kwenye giza ambapo mtu anaweza kuona kichaka akakiita jini. Yalinipata mchana kweupe, pale Bugarama, jua likiwa utosini, mwanga ukitosha kusoma hata namba zilizochongwa kwenye spana. Kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu ukitaka kubisha, ubishe.

Mimi ni fundi wa magari makubwa. Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu Wanyarwanda, tukarudi huku Rwanda nikiwa tayari na kazi mkononi, nikafungua gereji Kamembe. Injini za dizeli za zamani ndizo riziki yangu. Nikisema nazijua, sijisifu; ni kama mama lishe akisema anajua maharage yake yanaiva saa ngapi.

Na nilikuwa nampenda Maman Neema. Hilo nalo nilitangulize, maana mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na Kamembe nzima ilikuwa inajua. Maman Neema ni mjane. Kwao ni Bukavu, lakini alikuwa amepanga nyumba upande wetu kwa ajili ya biashara: ananunua mchele Bugarama, anaupandisha Kamembe, anawauzia wanawake wanaovuka nao mpaka wa Rusizi ya Pili kwenda Kongo. Mumewe, Papa Neema, alikuwa dereva. Aliuawa na presha, kitandani kwake, si barabarani. Alimwachia binti mmoja, huyo Neema, anayesoma kwa mashangazi zake Bukavu. Akamwachia na lori.

Lori lile ndilo lililokuwa mpinzani wangu. Unacheka? Subiri. Ni lori la kizamani, lile lenye pua ndefu mbele, boneti linafunguka likasimama wima kama mlango. Maman Neema hakuliita "gari" kama watu wengine. Alisema "yeye". Leo yeye amechoka. Leo yeye amekunywa mafuta mengi. Kofia ya marehemu ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari ndani ya kabini. Na Deo, dereva aliyemwajiri, kijana mfupi mwenye utani mwingi, aliruhusiwa kuendesha lakini hakuruhusiwa kusogeza kiti mbele. Kiti kilibaki pale Papa Neema alipokiacha. Masikini Deo alikuwa anakanyaga breki kwa ncha ya vidole, amekalia makali ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali.

Sasa niambie, wewe ungekuwa mimi usingeona wivu? Nikimpelekea sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu, anasema, "Papa Neema alikuwa anabipenda na pilipili mingi." Nikinunua kitenge, anasema rangi ile Papa Neema aliisifu. Kila mlango niliogonga, nilimkuta yeye ameshaingia, ameketi, amevua viatu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakumjua Papa Neema.

Hata hivyo nilikuwa nimefika mbali. Maman Neema alishanikubalia kwamba msimu wa mpunga ukiisha, niwatume wajomba zangu kwa ndugu zake waanze maneno ya posa. Alisema kwa mdomo wake. Nilikuwa nahesabu mavuno ya watu kuliko wenye mashamba.

Basi, asubuhi moja akanipigia simu. "Fundi, gari amekataa huku Bugarama. Iko anakohoa tu, anatosha moshi nyeupe. Kuya mbio, muchele iko ndani."

Nilifunga vifaa vyangu kwenye pikipiki nikateremka. Ukitoka kwenye baridi yetu ya Kamembe ukashuka kule, joto linakupokea mlangoni. Lori lilikuwa limesimama kwenye uwanja wa saruji mbele ya kinu cha mpunga, wanawake wakigeuza mpunga ulioanikwa pembeni. Deo alikuwa ndani ya kabini na fulana yake ya kuchezea mpira, mikono wazi, jasho linamtiririka.

Ngoja nikueleze kidogo kazi yenyewe, maana usipoielewa hutaelewa kilichonitisha. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inaubana upepo ndani ya silinda mpaka upepo wenyewe unakuwa wa moto, ndipo mafuta yanarushwa na kuwaka. Kule kubana ndiko tunakoita kompresio. Upepo ukipata pa kutorokea, mafuta hayawaki sawasawa: gari linakataa kuamka, linatoa moshi mweupe, linatetemeka. Kazi ya fundi ni kujua upepo unatorokea silinda ipi, na kwa mlango upi.

Deo alisumbuka mpaka likawaka kwa shida. Nikaacha lingurume, nikaanza kulegeza mabomba ya mafuta juu ya silinda, moja baada ya moja. Silinda iliyo nzima, ukiikatia mafuta, injini inayumba, unasikia imepoteza mguu. Nilipofika ya tatu, nikalegeza, na injini haikuyumba hata kidogo. Kwa hiyo ya tatu ilikuwa imelala tangu mwanzo. Tukazima, nikahamisha nozeli yake, ile inayorusha mafuta, nikaipeleka silinda nyingine, tukawasha tena. Ugonjwa ukabaki palepale kwenye ya tatu. Basi si nozeli. Nikazima, nikatoa nozeli zote, nikaleta kipimo changu cha kompresio, kile chenye saa na mshale, ambacho unakifunga penye tundu la nozeli kisha mtu mwingine anazungusha stata.

Hapo ndipo pa kushika: kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja yuko kwenye injini anasoma mshale, mwingine yuko kwenye kabini na ufunguo. Na lori la pua, boneti likishasimama, hamuonani. Mnasikilizana tu. Mimi naita "Piga!", Deo anazungusha. Naita "Acha!", anaacha. Tukapima zote. Nyingine zilikuwa na uzee wao wa kawaida, lakini ya tatu mshale ulifika nusu ya wenzake ukachoka.

Maman Neema akaja na mwavuli kuangalia. Nilikuwa nimelowa jasho mpaka kwenye mkanda. Unadhani aliniambia pole? Aliweka kiganja juu ya tairi la mbele, akalipapasa, akasema taratibu, "Pole, papa." Lori ndilo lilipewa pole. Nikainamisha kichwa ndani ya injini nisije nikasema neno baya, nikamsikia anaondoka.

Nilikuwa nimebakiza jaribio moja. Unamimina oili kidogo ndani ya silinda mbovu, unapima tena. Oili inaziba pembeni mwa pistoni. Mshale ukipanda, ujue ringi zimekwisha. Usipopanda, upepo unatoroka juu, kwenye vali, na hapo lazima kichwa cha injini kifunguliwe. Lakini kabla ya oili nilitaka kuhakikisha kipimo cha kwanza. Nikakifunga tena kwenye ya tatu, nikaita, "Piga!"

Nikasikia mlango wa kabini umepigwa kiganja mara mbili. Pa, pa. Kisha stata ikazunguka.

Nikasema moyoni, leo Deo amepata adabu, ananionya nitoe mikono kabla ya kuzungusha. Asubuhi yote hakufanya hivyo. Nikatazama mshale, na mshale ukapanda. Ukapita nusu, ukapita pale wenzake walipofika, ukasimama juu kabisa kama injini imetoka dukani.

Nikaita "Acha", ikaacha. Nikafungua kipimo, nikakipuliza, nikakifunga upya. "Piga!" Pa, pa. Mshale ukapanda vilevile. Nikahamia ya pili. Nikahamia ya nne. Zote ziliinuka zaidi kuliko mara ya kwanza. Niamini, nimefanya kazi hii hadi vidole vyangu vimebadilika umbo, sijawahi kuona injini nzee inapona yenyewe huku nozeli ziko chini kwenye gunia.

"Iko anapumua muzuri, si vile?" Sauti ilitoka kabini. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, nikadhani vumbi la pumba limemkaba Deo.

"Anapumua," nikajibu. "Lakini asubuhi alikuwa hapumui."

"Asubuhi alikuwa na bageni."

Sikuelewa. Wageni gani? Deo ana maneno yake, nikaacha. Nikiwa nachukua kopo la oili, nikachungulia kwenye upenyo kati ya boneti na bawa linalofunika tairi, na pale dirishani nikaona kiwiko kimeegemezwa nje. Kilikuwa ndani ya mkono mrefu wa shati la kaki, umefungwa kifungo hadi kwenye kifundo. Nilikiona, nikakipita. Utaniuliza ilikuwaje nisikumbuke fulana ya Deo. Mtu akishaamua aliye mbele yake ni nani, macho hayabishani naye.

Ile sauti ikasema tena, polepole, "Fundi, weye iko unapima moteur, ao iko unapima bibi ya bantu?"

Kuniuliza kama napima mke wa watu! Damu ikanipanda. Nimekwambia Deo ana utani, na mimi na yeye tulikuwa tumetaniana sana juu ya Maman Neema, lakini si kwa sauti ile, na si siku ile, baada ya lori kupapaswa na mimi kuachwa na jasho langu. Nikamjibu bila kuinua kichwa. "Bibi ya bantu gani? Bwana yake alishakufa, akaoza. Musimu ikiisha, mi njo bwana."

Wengine wakisimulia mambo haya husema ndege walinyamaza na upepo ukasimama. Hapana. Kinu kiliendelea kunguruma na wale wanawake waliendelea kugeuza mpunga. Mimi nikamimina oili kwenye tundu la ya tatu, nikainama kuona kama imeshuka. Kipimo kilikuwa bado mkononi. Sijaita chochote. Na mlango haukupigwa.

Stata ikazunguka kwa nguvu. Pistoni ikaipandisha ile oili yote, ikatoka kwenye tundu kama imefyatuliwa, ikanipiga usoni, kwenye jicho la kulia. Nikapiga yowe, "Acha!" Na ikaacha, hapohapo.

Nikashika spana kubwa nikakimbilia mlangoni, jicho moja limefumba. Siku hiyo Deo angelala na nundu. Nikavuta mlango. Umefungwa. Kioo kimepandishwa hadi juu. Ndani hamna mtu. Tundu la ufunguo lilikuwa wazi, halina ufunguo. Na ile kofia haikuwa kwenye msumari wake. Ilikuwa juu ya usukani, imewekwa vizuri, kama mtu anavyoweka kofia akishuka mara moja kwenda kujisaidia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anageuza mpunga akaniuliza kwa mbali, "Fundi, tangu ile saa uko unasema na nani? Tunasikia moteur inazunguka, tunaona ni weye tu."

Kabla sijamjibu, nikawaona Maman Neema na Deo wanatoka upande wa vibanda vya chakula. Deo amebeba sahani yangu ya wali, amevaa fulana yake ya mpira, anatafuna. Kumbe Maman Neema alipoondoka na mwavuli, alikuwa ameondoka naye. Na ufunguo? Ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kitenge cha Maman Neema, fundo la kike kabisa, lile ambalo halifunguki kwa haraka.

Najua unachotaka kusema. Waya ziligusana. Sikiliza, mimi ndiye ninayewaambia watu hivyo kila siku. Waya zikigusana, stata inazunguka tu kama kichaa mpaka uchomoe betri. Waya haisikii ukiita "Piga", haisikii ukiita "Acha". Na waya haina kiwiko.

Sasa ndipo nilipofanya lile jambo lililoniponza. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilifikiri: hapa Mungu amenipa nafasi. Nikimweleza Maman Neema, ataogopa, na mwanamke akiogopa gari ataliuza. Akiliuza, kofia itaondoka, kiti kitaondoka, "yeye" ataondoka, nitabaki mimi. Kwa hiyo nilimweleza yote, jicho likinichuruzika, nikaongeza chumvi kidogo kwenye ile sauti ili itishe zaidi. Maneno niliyomjibu mumewe sikuyasema.

Hakuogopa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mbele ya kuzungusha, alipiga mulango?"

"Mara mbili," nikasema.

Maman Neema akafunika mdomo kwa kiganja. "Njo yeye," akasema. "Papa Neema hakuwashaka gari bila kupiga mulango. Alikuwa anasema, mikono ya bantu iko ndani mule." Na machozi yakamtoka, lakini alikuwa anacheka. Nilikuwa nimemfahamu kwa misimu kadhaa na sikuwa nimewahi kumwona anacheka hivyo. Kwangu alikuwa anatabasamu tu, kwa adabu. Akamgeukia Deo, akamwambia ampe ule wali yeyote atakayeutaka, mimi sikumbuki nani aliula. Halafu akaniuliza swali ambalo hadi leo likinijia usingizini naamka: "Alikuwa na afya?"

Nikamjibu kama fundi: jaribio la oili halikumalizika, lakini nahisi upepo unatorokea kwenye vali ya silinda ya tatu, lazima nifungue kichwa cha injini. Akakataa. "Usifungue. Rudisha bintu yote kama bilikuwa."

Nikarudisha. Akapanda kabini mwenyewe, akampa Deo ufunguo, akainua mkono, akapiga mlango mara mbili kwa nje, kwa kiganja chake chenye pete. Deo akazungusha, na lori likawaka mara moja, bila moshi.

Tulipanda wote kurudi Kamembe, mimi nimebanwa dirishani. Tulipoanza kukwea milima, injini ikaanza kukohoa, moshi mweupe ukajaa nyuma yetu, ikafika mahali haisogei. Maman Neema akanitazama, akaona haya kidogo, akasema, "Fundi, shuka kwanza tuone." Nikashuka na vifaa vyangu. Mguu wangu ulipogusa lami, moshi ukakatika. Lori likapanda kile kilima na mzigo wake wote, likapotea kwenye kona. Nilibaki pale kando ya barabara, na pikipiki yangu ilikuwa juu ya mchele.

Kuanzia hapo nikawa ninatafunwa na wivu mchana na usiku. Maman Neema alianza kwenda Bugarama hata kama hakuna mzigo. Alikuwa anaosha lori mwenyewe. Alivaa kitenge cha Jumapili siku ya Jumanne. Watu waliniambia wamemwona ameketi kabini peke yake saa sita mchana, vioo vimepandishwa, kwenye joto lile, midomo inacheza. Nikamuuliza habari ya wajomba zangu. Akasema, "Subiri kwanza." Msimu ukaisha, mpunga ukavunwa hadi wa mwisho, na bado nasubiri. Mwanamume mwenzio akikunyang'anya mwanamke, utamngoja njiani. Huyu nimngoje wapi?

Nikavuka Rusizi kwenda kumwona kaka mkubwa wa Papa Neema, mzee mmoja mpole anayekaa Bukavu. Nikamweleza. Alisikitika, lakini hakushangaa. Akaniambia, "Siku tulimaliza matanga, tuligawanya bintu yake yote. Manguo, radio, kinga, ile baiskeli yake. Kila kintu tulikiambia mwenyewe ameenda. Gari haikukuwa pale. Ilikuwa Bugarama kwenye mizigo, musimu ilikuwa moto, Maman Neema akasema mizigo haingojake. Ile gari haikuagwa." Kwao ndivyo ilivyo: kitu cha marehemu kisipoambiwa, kinaendelea kumngoja, naye anaendelea kuitika.

Basi nikamsihi waje waiage. Sikumsihi kwa huruma, tusidanganyane. Nilitaka mtu yule atoke kwenye lori langu la kutengeneza na kwenye moyo wa mwanamke wangu. Maman Neema hakuweza kuwakatalia shemeji zake. Wakaja Kamembe Jumamosi moja na mchungaji wao, wakalizunguka lori uani kwake. Mchungaji akaomba. Yule mzee akaweka mkono kwenye mlango, akasema, "Mudogo wangu, umetumika sana. Aksanti. Gari inabakia kwa bibi. Weye wende kwa Mungu." Akaichukua kofia. Akamwambia Deo asogeze kiti. Kilikuwa kimeshika kutu, kikalia kama mtoto, na wanawake wote wakaangua kilio.

Deo akapanda, akapiga mlango mara mbili kwa heshima, akazungusha. Lori likakohoa. Likakohoa tena, likatoa moshi mweupe, likatetemeka, likazima. Nilijua sauti ile. Silinda ya tatu ilikuwa imelala. Niseme ukweli, nilifurahi, nikashindwa kuuzuia uso wangu.

Maman Neema aliuona uso wangu. Alinisogelea mbele ya shemeji zake wote, akaniambia bila kupaza sauti, "Mara ya kwanza ni Mungu alimubeba. Hii ya pili ni weye."

Kesho yake alivaa nyeusi, akaanza matanga upya, kama mumewe amekufa jana. Mimi nikapewa ruhusa ya kufungua injini, sasa hakuna aliyejali. Nikakuta vali ya tatu imeungua, imemeguka ukingo, na makovu yake ni ya zamani sana, yameshikwa na masizi yaliyokauka. Kwa vali ile lori halikupaswa kupanda hata kilima kimoja. Lilikuwa limepanda vyote, tangu msiba. Nikamwonyesha Maman Neema. Akakichukua kipande kile cha chuma, akakifunga kwenye pindo la kitenge, akaingia ndani.

Lori liliuzwa kwa wakata vyuma. Maman Neema alirudi Bukavu. Namwona siku za soko anavuka daraja kwa miguu, mzigo kichwani, bado yuko kwenye nyeusi, na umeshapita mwaka ambao watu wengine huivua. Ananisalimia, "Bonjour, fundi," kama anavyomsalimia mtu yeyote aliyewahi kumtengenezea gari, na anapita. Jicho langu la kulia linachuruzika kila jua likifika utosini. Daktari wa macho ameniambia halina kitu. Gerejini kwangu, hata mteja awe na haraka vipi, sisemi "Piga" kabla sijazunguka boneti nikaona kwa macho yangu aliyeshika ufunguo.

Na wewe unayempenda mjane, nakuomba kitu kimoja. Ukiona mumewe bado amekaa mahali, kwenye gari, kwenye kiti, kwenye kofia, mwache. Vumilia. Usiwe wewe wa kumtoa. Mimi nilimtoa, na sasa simwoni tena popote, ila nikimtazama Maman Neema usoni. Alipokuwa kwenye lori, angalau nilijua aliko.